Mtihani wa Skuli na Haki ya Mtoto wa Kisiwa Kidogo

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani, mabaraza ya Unguja na Pemba hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kuwa mtihani ndio haki yenyewe: karatasi ni moja, saa ni zile zile, msimamizi hamjui mtoto wa mkubwa wala mtoto wa mvuvi, na mwenye kuanguka ajilaumu mwenyewe. Wapo na wanaosema kinyume chake, kwamba mtihani ni chujio lililowekwa na wakoloni ili wachache wapite na wengi wabakie, na kwamba nchi iliyofanya Mapinduzi kwa ajili ya wanyonge haikupaswa kulibakisha chujio hilo hata siku moja. Maneno haya yalikuwa yakisemwa wengi wetu tungali wanafunzi, na kila upande una ushahidi wake.

Makala haya yanakusudia kueleza kuwa kundi la kwanza limeona sawa lakini limeona nusu, na kundi la pili limemkamata asiye mwizi. Mtihani umeleta usawa katika Visiwa hivi, tena usawa mkubwa, na anayetaka kuuondoa hajui anaufungulia mlango nani. Lakini usawa huo huanza pale bahasha inapofunguliwa na humalizika pale karatasi zinapokusanywa. Yaliyotangulia kabla ya bahasha kufunguliwa si kazi ya mtihani kuyarekebisha. Ni kazi yetu sisi wenye dhamana, na mara nyingi tumekuwa tukijificha nyuma ya mtihani ili tusiulizwe.

Ili kuipima faida ya mtihani ni lazima kukumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Skuli ya kwanza ya Serikali ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1905, na miaka miwili baadaye ikaundwa Idara ya Elimu. Waliofaidika mwanzo walikuwa zaidi watoto wa wenye nasaba na mali, pamoja na wale ambao nyumba zao zilikuwa karibu na mji. Wasichana walisubiri hadi mwaka 1927 ndipo skuli yao ya kwanza ya Serikali ilipofunguliwa. Mtoto wa shamba, hata akiwa na akili kama wembe, hakuwa na pahala pa kuionesha. Hapakuwa na mtu aliyemkataza kwa maneno. Hapakuwa tu na mtu aliyemwita.

Kuna jambo jengine ambalo wasimuliaji wa historia hulipita mbio. Watu wazima wengi wa Visiwa hivi walikuwa wakisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa herufi hizo walitiliana mikataba ya mashamba ya mikarafuu, wakapelekeana barua, wakatunga tenzi na kuzihifadhi. Serikali ya kikoloni ilipoamua kuwa kusoma ni kusoma kwa herufi za Kilatini, watu hao waligeuzwa wajinga kwa mpigo mmoja wa kalamu, bila ya kusahau hata alifu moja. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu litaturudia huko mbele: anayechagua lugha na herufi za mtihani amekwisha kuchagua nusu ya watakaofaulu.

Yalipofanyika Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, moja ya kazi za mwanzo za Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilikuwa ni kuuvunja ukuta wa fedha. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo ilitangazwa elimu bila malipo, na hadi leo wanafunzi wetu huiadhimisha siku hiyo. Mlango wa skuli ya msingi ukawa wazi. Lakini nyuma ya mlango huo ulikuwapo mlango wa pili, wa sekondari, na huo haukuweza kupitisha watoto wote kwa mpigo mmoja, kwani majengo hayakuwapo, walimu hawakuwapo, na madawati hayakuwapo. Palihitajika mwamuzi. Mwamuzi huyo akawa mtihani.

Hapo ndipo jambo dogo lilipofanya kazi kubwa. Mtahiniwa alipewa nambari, na katika karatasi yake hakuandika jina. Jina la mtu wa Visiwani husema mengi: husema baba ni nani, ametoka shamba au mjini, babu alikuja na jahazi gani. Nambari haina baba. Msahihishaji anayesoma majibu ya nambari fulani hajui kama anasoma kazi ya mtoto wa Waziri au ya mtoto wa mama anayefunga mwani Jambiani. Fikra hii si ngeni duniani. Wachina, katika enzi ya Song, yapata miaka elfu moja iliyopita, walilifunika jina la mtahiniwa kwa karatasi, kisha makarani wakainakili upya kazi yake nzima, ili mtahini asiweze kuutambua hata mwandiko. Walikwisha kufahamu kuwa mtu mwadilifu kabisa, akiliona jina la mtoto wa rafiki yake, kalamu yake hulegea.

Kwa hivyo anaposimama mtu akasema mitihani ifutwe, aulizwe kwanza: nafasi zikiwa haba, zitagawiwa vipi? Jibu tunalijua sote, ijapokuwa hatupendi kulitamka. Zitagawiwa kwa vimemo. Atakuja mtu na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, mkuu wa skuli atakisoma, atakitia mfukoni, na mtoto wa mvuvi ataambiwa nafasi zimekwisha. Mnyonge hana mtu wa kumwandikia kimemo. Karatasi yake peke yake ni ile ya mtihani.

Hayo ndiyo ya haki ambayo kundi la kwanza limeyaona. Sasa tuitazame nusu ya pili, na kwa ajili hiyo nitamwomba msomaji avuke nami bahari hadi India, kwa kuwa dola iliyotawala kule ndiyo ile ile iliyoitia Zanzibar katika himaya yake mwaka 1890, na mambo yake ya mitihani kule yanatufundisha zaidi kuliko aliyoyafanya hapa.

Mwaka 1855 Waingereza walianza kuwachagua maofisa wa juu wa utumishi wa Serikali ya India kwa mtihani wa ushindani. Kabla ya hapo kazi hizo ziligawiwa kwa kujuana, na mabadiliko hayo yalisifiwa kuwa ni ushindi wa akili juu ya nasaba. Hapana sheria iliyomkataza Mhindi kuufanya mtihani huo. Ulikuwa mtihani safi, wenye wasimamizi hodari. Lakini ulifanywa London tu. Mwenye kuutaka alipaswa kwanza kupata nauli, avuke bahari, akae Uingereza kwa muda mrefu akijitayarisha, na baada ya yote hayo ashindane kwa Kiingereza na vijana waliozaliwa nacho. Tena tazama alama zilivyopangwa katika mpango wa mwanzo: Kigiriki kilipewa alama 750, Kilatini 750, na Kiarabu na Kisanskriti kila kimoja 375. Yaani lugha za kale zilizosomeshwa katika skuli za mabwana wa Uingereza zilikuwa na thamani mara mbili ya lugha za elimu za watu wenyewe watakaotawaliwa. Hakuna aliyeiba mtihani. Wizi ulikuwa umo ndani ya jedwali la alama, umepigwa chapa na kutiwa muhuri.

Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, kaka wa mshairi Rabindranath, alifuzu mwaka 1863. Baadaye, kuanzia mwaka 1878, umri wa juu wa watahiniwa uliteremshwa kutoka miaka 21 hadi 19. Kwa mtoto wa London badiliko hilo lilikuwa dogo. Kwa kijana wa Bombay, ambaye lugha ya mtihani aliianza akiwa mkubwa na ambaye safari peke yake ilimla miaka, lilikuwa ni kufungiwa mlango usoni. Wazalendo wa India, akiwamo Dadabhai Naoroji, waliomba jambo moja jepesi kabisa: mtihani ule ule, siku ile ile, ufanywe India pia. Mwaka 1893 Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha azimio la kukubali ombi hilo, na Serikali haikulitekeleza. Mtihani haukufanywa katika ardhi ya India hadi mwaka 1922. Kutoka mwaka 1855 ni miaka 67.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu maofisa wetu wengi, wanapoulizwa juu ya usawa, hujibu kama walivyokuwa wakijibu maofisa wa London: mlango uko wazi kwa wote. Ni kweli uko wazi. Suala ni bahari iliyopo baina ya mlango na mtoto.

Kwetu bahari hiyo ni bahari hasa. Wapo watoto wa visiwa vidogo ambao sekondari kwao ni safari ya mashua, na upepo wa kusi ukichacha hakuna skuli. Wapo watoto wa Kojani ambao wazee wao huenda dago kwa miezi, na mtoto ama hufuatana nao akakosa masomo, ama hubakishwa kwa bibi akajilea mwenyewe. Upo msimu wa karafuu Pemba, ambapo kila mkono ndani ya nyumba huhesabiwa, na hakuna asiyejua kuwa darasa hupungua mikarafuu inapokuwa tayari. Mtoto wa mjini naye ana shida zake, hasa msongamano na skuli za mikondo miwili, ingawa skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimeanza kuipunguza. Lakini mtoto wa mjini akikosa mwalimu wa hisabati skuli, baba mwenye uwezo humtafutia wa tuisheni jioni. Mtoto wa kisiwa kidogo akimkosa mwalimu huyo amemkosa moja kwa moja. Siku ya mtihani wote wawili hupewa karatasi moja, na msimamizi akasema: anzeni.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tumeuona mtihani wa namna nyengine, na inafaa kuulinganisha. Chuoni mwalimu humsikiliza mtoto mmoja mmoja. Akikosea hurudishwa pale pale, na kesho husikilizwa tena. Akipatia huendelea mbele. Mwenye kichwa chepesi hukhitimu juzuu thelathini kwa miaka michache, mwenye kichwa kizito huchukua zaidi, na wote wawili hufanyiwa hitima ile ile na kulishwa sinia moja. Hapana mwalimu wa chuo aliyepata kutangaza kuwa mwaka huu nafasi za kukhitimu ni arubaini tu, wa arubaini na moja arudi kwao. Sisemi kuwa chuo hakina kasoro. Fimbo ilikuwapo, na wengi tulihifadhi miaka na miaka bila ya kufahamu maana ya tulichokihifadhi. Lakini mtihani wa chuo ulikuwa ukiuliza suali moja: je, umejua? Mtihani wa skuli huuliza suali jengine: je, umemshinda mwenzio?

Ni vyema masuali haya mawili yasichanganywe. La kwanza ni kupima, na la pili ni kuchagua. Kuchagua huletwa na uhaba, na kila nafasi zinapoongezeka, makali ya mtihani hupungua yenyewe, bila ya kufuta hata karatasi moja. Kwa hivyo kila chumba cha darasa kinachojengwa ni hatua ya usawa kuliko hotuba kumi juu ya ubaya wa mitihani.

Viongozi wetu walilitafakari jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi wa Machi 1967, aliulaumu mtindo wa kuitukuza mitihani na kuifanya skuli kuwa pahala pa kukariri kwa ajili ya siku moja. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo kazi zake zimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa wale waliosoma wakati karatasi zikitoka Cambridge kwa meli na majibu yakirudi huko huko kusahihishwa, hilo halikuwa jambo dogo. Kisha likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, na baada yake kazi za mwanafunzi za darasani zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wake wa mwisho.

Nia ilikuwa njema, na sehemu kubwa ya mawazo hayo ingali sahihi. Lakini lazima tuseme na upande wake wa pili. Alama za darasani hutolewa na mwalimu anayemjua mtoto, anayemjua baba yake, na anayekutana naye msikitini na dukani. Jina lililofunikwa kwa nambari hurudi kwa mlango wa nyuma. Pale ambapo ukaguzi wa skuli ni dhaifu, alama za darasani hupanda kwa wenye wazee wenye sauti, na mtihani wa nje hubakia kuwa shahidi pekee asiyepokea salamu.

Lipo pia suali la mafungu. Nchi nyingi zilipoona kuwa mtihani mmoja huzijaza nafasi kwa watoto wa upande mmoja, ziliamua kugawa. Hata hao Wachina waliofunika majina hawakuepukana nalo. Mwaka 1397, wote 52 waliofuzu mtihani mkuu wa dola walitoka kusini, ambako elimu na mali vilikuwa vingi. Watu wa kaskazini wakalalamika, Mfalme akaghadhibika, baadhi ya watahini wakauawa, mtihani ukafanywa upya, na safari hii wote 61 waliofuzu wakawa wa kaskazini! Miaka isiyozidi thelathini baadaye dola ikaweka utaratibu wa kila upande kuwa na fungu lake. Tanzania Bara nayo, katika miaka ya 1970, iligawa nafasi za Kidato cha Kwanza kwa mafungu ya mikoa na wilaya, ili mikoa iliyotangulia kupata skuli za misheni isimeze kila kitu. Na hapa Visiwani, baada ya Mapinduzi, nafasi za sekondari ziligawiwa kwa kuangalia asili za watu na wingi wao, ili kuuponya upungufu ambao ukoloni uliuacha.

Mafungu ya namna hiyo yalikuwa dawa ya wakati wake, na dawa kali huacha uchungu mdomoni. Familia zilizoyapitia zinajua. Rai yangu ni kuwa fungu, likihitajika, lifuate skuli aliyosoma mtoto, lisifuate babu yake. Mtoto aliyepata alama sitini katika skuli isiyokuwa na maabara wala mwalimu wa fizikia ameonesha uwezo mkubwa zaidi kuliko aliyepata alama sitini na tano akiwa na vyote viwili na mwalimu wa jioni juu yake. Hilo linaweza kuonekana bila ya kumuuliza mtu kabila.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, nalo ni lugha. Nilisema mwanzo kuwa watu wetu waliojua kusoma waligeuzwa wajinga kwa kubadilishwa herufi. Jambo hilo halijakwisha, limebadilisha nguo tu. Mtoto wa Visiwani hufikiri kwa Kiswahili, huota kwa Kiswahili, na husomeshwa kwa Kiswahili tangu siku ya mwanzo ya skuli. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kuwa hisabati na masomo ya sayansi yasomeshwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Akifika sekondari, takriban masomo yote, mbali na Kiswahili chenyewe na mengine machache, huandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kila aliyeingia darasani anajua yanayotokea: mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, huugeukia umma wa watoto wenye macho makavu, na mwisho kwa huruma hueleza kwa Kiswahili. Watoto hufahamu. Kisha huja mtihani, na kile walichokifahamu hakiulizwi kwa lugha waliyokifahamia.

Tuchukue mfano mmoja. Mtoto yeyote wa pwani ya Pemba anajua bamvua na maji mafu. Anajua kuwa bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwamba maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba siku hizo mama yake huenda mbali zaidi baharini. Anajua pia kuwa katikati yake huja maji mafu ambayo hayajai wala hayatoki. Hayo ni maarifa ya jiografia na ya fizikia, ameyapata kwa miguu yake. Muulize kwa Kiswahili sababu yake, naye, akiwa amepata mwalimu wa wastani, atakueleza habari za mvuto wa mwezi na jua. Muulize kwa Kiingereza: atakuta bamvua limeitwa kwa neno ambalo ni jina la majira ya machipuko huko Ulaya, na ni jina pia la chemchemi, na la waya uliosokotwa wa godoro. Ataandika habari za mvua za masika. Atapata sifuri. Msahihishaji, ambaye ni mtu mwadilifu na hajui jina lake, ataandika sifuri hiyo kwa haki kabisa. Na sisi tutatangaza kuwa mtoto wa Pemba hajui maji kujaa na kupwa.

Wakati huo huo mtoto wa mjini aliyelelewa katika skuli ya kulipia, akizungumza Kiingereza tangu chekechea, hatazuiwa na neno hilo. Huenda hajapata kukanyaga mchanga wakati wa bamvua. Atafaulu.

Najua hoja inayoletwa dhidi ya maneno haya. Husemwa kuwa Kiingereza ni lugha ya hoteli, ya vyuo vikuu na ya dunia, na wazee wenyewe wanakitaka. Ni kweli wanakitaka, na wana haki. Kifundishwe basi kwa nguvu zote, na walimu wanaokijua, na kipimwe katika karatasi yake yenyewe. Lakini karatasi ya jiografia ipime jiografia. Mkulima akipeleka karafuu zake kituoni, karani huzipima karafuu. Hampimi mkulima urefu wa kanzu yake.

Tena tusidhani kuwa mizani yenyewe imeshushwa kutoka mbinguni. Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 ulifanywa pande zote mbili za Muungano, na matokeo yalipotoka mwezi wa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi nzima iliingia majonzi. Iliundwa tume, na mwezi wa Mei Serikali ikayaweka kando matokeo hayo na kuagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Maelfu ya watoto waliokuwa wameanguka wakajikuta wamepita. Majibu waliyoyaandika hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni mstari uliochorwa na watu wazima ofisini. Mtoto aliyekwisha kuona haya kutoka nje, aliyekwisha kusemwa na jirani, alikuwa na haki ya kutuuliza tulikuwa tukifanya nini.

Kutokana na hayo yote, naona yapo mambo ambayo Wizara na Chama wanaweza kuyashika bila ya kungoja fedha kutoka nje. Mitihani inayosimamiwa na mamlaka zetu wenyewe hapa Zanzibar, hasa ya msingi na ya katikati ya sekondari, iandikwe masuali yake kwa lugha mbili katika karatasi moja, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa aijuayo. Hilo ni suala la chapa na wino. Kwa mitihani ya Baraza la Taifa, Zanzibar ina sauti katika jambo la Muungano na inapaswa kuitumia. Kambi za kujitayarisha na mitihani, ambazo zimezoeleka, ziwekwe kwanza kwa wanafunzi wa visiwa vidogo, wapewe dakhalia na chakula wiki kadhaa kabla, kwani wao ndio wanaonyimwa na upepo na umbali. Aliyeanguka naye asiachwe barabarani. Mafunzo ya amali na elimu mbadala yawe mlango uliotengenezwa kwa heshima, si jaa la kutupia watoto.

La mwisho ni hili. Matokeo yanapotoka, skuli hupangwa, za mwanzo zikapongezwa na za mwisho zikaaibishwa, na walimu wa skuli za mwisho wakaitwa kujieleza. Napendekeza kuwa karatasi ya matokeo ya kila skuli ifuatane na karatasi ya pili. Katika karatasi hiyo iandikwe kuwa skuli ilikuwa na walimu wangapi wa hisabati na wa sayansi mwaka ule, na kwa miezi mingapi. Watoto wangapi walitumia kitabu kimoja. Maabara ipo au haipo. Siku ngapi za masomo zilipotea kwa upepo, kwa msimu au kwa mwalimu kuitwa mkutanoni. Na mkaguzi alifika mara ngapi. Karatasi hiyo itiwe saini na Afisa wa Elimu wa Wilaya, kwa jina lake kamili na si kwa nambari, na ibandikwe kwenye ubao ule ule, ubavuni mwa matokeo ya watoto, ili mzee anayekuja kulitafuta jina la mwanawe aweze kuzisoma zote mbili.